Land Rover ya zamani inavuja oili? Usikubali injini ifumuliwe kabla ya kufanya haya

Doa jeusi chini ya Land Rover ya zamani ni jambo ambalo wamiliki wengi wameshalizoea. Wengine hutania kwamba ukiona haidondoshi, ujue oili imeisha. Utani huo ni wa dunia nzima, lakini bili ya gereji haina utani.

Gasketi ya kava la juu la injini ni kazi ya saa moja au mbili. Sili ya nyuma ya krenki ni kazi ya siku kadhaa, kwa sababu giaboksi lazima litoke. Tatizo ni kwamba zote mbili zinaweza kuacha doa lilelile, mahali palepale. Fundi asiyechunguza anaweza kufumua injini nzima kwa sababu ya nati tatu zilizolegea juu.

Tuseme kuna mzee wa Usa River, nje kidogo ya Arusha. Ana Land Rover Series III ya petroli, ile ndefu ya 109. Kila asubuhi anakuta oili imedondoka chini, katikati ya gari. Anaipeleka gereji, na kijana anachungulia chini kwa dakika mbili.

"Shikamoo mzee. Hii imekula sili ya nyuma. Tunashusha giaboksi."

"Marahaba kijana wangu. Umejuaje?"

"Si unaona inadondokea hapa mzee?"

Hapo ndipo wengi wanapopigwa. Mahali oili inapodondokea si lazima pawe mahali inapotokea. Oili inashuka. Gari likitembea, upepo unaisukuma kurudi nyuma. Mwisho inakusanyika kwenye sehemu ya chini kabisa na kudondoka. Kuangalia tone peke yake ni sawa na kuona maji sebuleni ukasema bomba limepasuka sebuleni.

Kwa nini magari haya yanavuja

Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Series II ikaja mwaka 1958, Series IIA mwaka 1961, na Series III ikatengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Ndiyo kusema hata Series III changa kabisa leo ina zaidi ya miaka 40.

Injini ya petroli iliyo kwenye nyingi ya gari hizi ni ya silinda 4 yenye ukubwa wa sisi 2,286, ambayo mafundi huiita "mbili na robo". Ni injini ngumu ya chuma, haina mambo mengi. Ila imeunganishwa kwa vipande vingi, na kila kiungo kina gasketi au sili yake: kava la juu, makava ya ubavuni, kava la mbele la cheni, sampu, filta na sili mbili za krenki, ya mbele na ya nyuma.

Gasketi nyingi za zamani zilikuwa za kizibo au karatasi ngumu. Kizibo kikikaa na joto miaka mingi kinakauka, kinasinyaa na kupasuka. Sili za mpira nazo hukakamaa. Gari likiegeshwa muda mrefu bila kuwashwa hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu sili hazipati oili ya kuzilainisha. Ndiyo maana Land Rover iliyolala uani miaka mitano inaweza kuvuja kuliko ile inayopanda mlima kila siku.

Arusha jambo hili linawahusu wengi. Oktoba 2024 mji huo ulifanya tamasha lililokusanya mamia ya Land Rover, na nyingi zilikuwa za zamani ambazo bado zinafanya kazi. Kwa watu wengi hili si gari la maonyesho. Linabeba ndizi, wageni na mizigo ya shamba.

Kuvuja kidogo kuna hasara gani?

Hesabu ni rahisi. Tone dogo ni kama sehemu ya 20 ya mililita. Likidondoka tone moja kila dakika, mchana na usiku, hiyo ni karibu mililita 72 kwa siku. Kwa mwezi inazidi lita 2. Injini hii inabeba takriban lita 6 kwenye sampu, ukiacha ya filta. Asiyepima oili kwa miezi miwili anacheza na moto.

Oili ikipungua sana, pampu inaanza kuvuta hewa kwenye kona na miinuko. Presha inashuka, beringi za krenki zinasagika, na injini inaanza kugonga. Hapo si habari ya gasketi tena, ni ovaholi.

Kuna hatari nyingine mbili. Ya kwanza ni moto: oili inayomwagikia bomba la ekzosi huanza kwa kutoa harufu na moshi, lakini ikiwa nyingi inaweza kuwaka. Ya pili ni klachi. Oili ikiingia kwenye diski ya klachi, inaanza kuteleza. Injini inalia lakini gari halipandi. Kwenye mteremko wa Usambara au barabara ya Ngorongoro, hilo si jambo la kuchekea.

Hatua ya 1: Hiyo ni oili ya wapi?

Kabla ya kuilaumu injini, fundi mzuri huchukua tone kwenye karatasi nyeupe au tambara safi, analitazama na kulinusa.

Oili ya injini iliyotumika huwa ya kahawia au nyeusi, na ni nyepesi kiasi kidoleni. Oili ya giaboksi na difu ni nzito zaidi na ina harufu kali ya kiberiti. Ukishaisikia mara moja huisahau. Maji ya breki ni mepesi, hayana weusi mwingi, na hubabua rangi ya gari. Maji ya radieta hutambulika kwa rangi yake na hayatelezi kama oili.

Mahali nako kunasaidia. Kwenye Land Rover za Series, oili iliyo ndani ya matairi ya mbele mara nyingi hutoka kwenye zile tufe kubwa za usukani, na hiyo ni oili ya gia. Doa lililo nyuma ya katikati ya gari linaweza kuwa la giaboksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma. Gari moja linaweza kuwa na madoa matatu ya vitu vitatu tofauti.

Baada ya hapo, pima oili kwa kijiti gari likiwa mahali tambarare, injini ikiwa imezimwa kwa muda. Usiangalie kama imepungua tu. Angalia pia kama imezidi. Kuna wamiliki ambao kwa kuogopa uvujaji hujaza kupita alama ya juu, na oili iliyozidi hutafuta pa kutokea. Mara nyingine dawa ya kuvuja ni kupunguza oili mpaka kwenye alama, basi.

Hatua ya 2: Osha injini kwanza

Hii ndiyo hatua inayorukwa sana, na ndiyo yenye faida kuliko zote. Injini iliyojaa tope la oili na vumbi la miaka kumi haiwezi kusema ukweli. Kila sehemu imelowa, kwa hiyo kila sehemu inaonekana inavuja.

Injini ikiwa imepoa, chomoa betri. Funika distributa, kabureta na oltaneta kwa mifuko ya plastiki. Kwangua tope nene kwa kipande cha mti, kisha sugua kwa brashi na mafuta ya taa au dawa ya kuondoa grisi. Futa, suuza kwa maji kidogo, acha ikauke. Sugua pia chini ya sampu, nyuma ya injini pale inapoungana na giaboksi, na kwenye chesisi.

Petroli isitumike kuoshea. Mvuke wake unawaka haraka, na cheche moja ya nyaya inatosha kuunguza gari na gereji.

Baada ya kuosha, pitia nati na bolti zote zinazofikika: kava la juu, makava ya ubavuni, sampu, filta. Magari haya hutetemeka sana, na bolti kulegea ni kawaida. Kaza kwa adabu, si kwa nguvu zote. Bolti ya sampu iliyokazwa kupita kiasi inapinda mdomo wa sampu, na uvujaji unaongezeka.

Hatua ya 3: Boksi, poda na tochi

Vifaa vya upelelezi huu vipo hata dukani kwa Mangi.

Kwanza ni boksi. Kata maboksi yaliyo wazi na yatandike chini ya injini usiku. Weka alama ya chaki mahali matairi yalipo, na andika mbele na nyuma kwenye boksi. Asubuhi boksi litaonyesha matone mangapi, wapi, na ya rangi gani. Fanya hivyo siku mbili au tatu mfululizo. Kama matone yapo baada ya safari tu na hayapo gari likiwa limelala, huenda uvujaji unatokea injini ikiwa na presha au ikiwa ya moto.

Pili ni poda ya kawaida ya mtoto. Ipulize kidogo kwenye maeneo yanayoshukiwa, washa gari, litembeze dakika 15 hadi 20, kisha zima na uangalie. Poda inabaki nyeupe palipo pakavu, na inageuka mstari wa kahawia pale oili ilipopita. Ni njia ya bei poa, na inaonyesha vizuri. Isipulizwe karibu na mdomo wa kabureta.

Tatu ni tochi na kioo kidogo. Anza juu, shuka chini. Anza mbele, rudi nyuma. Kinachotafutwa si mahali palipolowa zaidi. Kinachotafutwa ni mahali pa juu kabisa na pa mbele kabisa palipolowa. Hapo ndipo chanzo kilipo, au kipo karibu sana.

Kama bado haijulikani, kuna rangi maalumu inayochanganywa kwenye oili na kung'aa ikimulikwa na tochi ya mwanga wa zambarau. Baadhi ya gereji kubwa wanayo. Kwa Land Rover ya Series, mara nyingi poda inatosha.

Washukiwa, kuanzia juu hadi chini

Kava la juu la injini. Huyu ndiye mshukiwa namba moja. Limeshikwa na nati tatu juu, kila moja na washa yake ya mpira. Gasketi ikichoka au washa zikipasuka, oili inateremka pembeni. Ikivujia upande wa manifoldi, harufu ya kuungua inaingia mpaka ndani ya gari. Ikivujia kona ya nyuma, inashuka mgongoni mwa injini mpaka kwenye nyumba ya klachi, na kila mtu anailaumu sili ya nyuma.

Makava ya ubavuni. Yapo ubavuni mwa injini, na moja ndilo linalobeba pampu ya petroli. Gasketi zake hukauka taratibu. Hapa uangalifu unahitajika, kwa sababu eneo hilo hulowa pia kwa petroli kama pampu imechoka.

Swichi ya presha ya oili na filta. Swichi ni kitu kidogo, lakini ikipasuka inatoa oili yenye presha, kwa hiyo inachafua eneo kubwa kwa muda mfupi. Filta ya injini hizi ni ya kopo lenye bolti ndefu katikati na ringi kubwa ya mpira juu. Kosa la kawaida wakati wa sevisi ni kuacha ringi ya zamani mahali pake na kuweka mpya juu yake. Ringi mbili hazizibi, zinavuja. Kama kuvuja kulianza siku chache baada ya kubadili oili, anza hapa.

Sili ya mbele ya krenki. Ipo nyuma ya puli ya chini. Ikivuja, puli inarusha oili kwa mzunguko na kuchora mstari kwenye feni, mkanda na chini ya radieta. Mara nyingi si sili peke yake: miaka ya kusuguana imechimba mfereji kwenye puli. Sili mpya juu ya mfereji huo itavuja tena. Dawa ni puli nzima au bushi nyembamba ya chuma inayovikwa juu ya mfereji.

Sampu na plagi yake. Angalia washa ya plagi kwanza. Washa ya shaba inayotumika mara nyingi bila kubadilishwa inakuwa ngumu na haizibi tena. Ni kitu cha bei ndogo sana kinachosumbua watu wengi.

Sili ya nyuma ya krenki. Huyu ndiye mshukiwa wa mwisho. Asihukumiwe mpaka wote wa juu wameshahojiwa.

Tundu la chini ambalo wengi hawalijui

Chini kabisa ya nyumba ya klachi, Land Rover hizi zina tundu dogo lenye uzi. Kuna plagi yake maalumu. Waliotengeneza gari walitaka plagi hiyo ifungwe wakati wa kuvuka mto tu, ili maji yasiingie kwenye klachi. Ukishavuka, unaifungua na kuiweka mahali pake.

Tundu hilo lipo ili oili kidogo inayopenya itoke nje badala ya kuloweka klachi. Wapo wanaoziba tundu hilo moja kwa moja ili gari lisidondoshe. Doa linatoweka, mwenye gari anafurahi, na baada ya miezi klachi inaanza kuteleza kwa sababu oili imejaa ndani.

Kwa uchunguzi, tundu hili ni kama shahidi. Osha, tembeza gari, kisha angalia. Kama nje ya nyumba ya klachi ni kukavu kabisa lakini tundu linadondosha, oili inatoka ndani. Inuse. Ikiwa ya injini, sili ya nyuma inashukiwa kwa haki. Ikiwa nzito na ina harufu ya kiberiti, inatoka upande wa giaboksi. Kama nje kumelowa kuanzia juu, tatizo liko juu.

Injini inapumua?

Hata pistoni zikiwa nzima, gesi kidogo hupenya kwenye ringi na kuingia chini ya injini. Gesi hiyo lazima itoke. Land Rover za Series zina kofia za kupumulia zenye wavu ndani, ambao hunasa oili na kuachia hewa.

Wavu huo ukijaa tope, gesi inakosa njia. Presha inapanda ndani ya injini na kusukuma oili kwenye kila kiungo dhaifu. Mtu anabadili gasketi leo, kesho inavuja tena, anailaumu spea. Kumbe injini imezibwa pumzi.

Fungua kofia, izamishe kwenye mafuta ya taa, isugue, ikaushe na kuirudisha. Haigharimu kitu.

Kuna kipimo kimoja zaidi. Injini ikiwa imepata moto na iko sailensa, fungua mfuniko wa kujazia oili. Pumzi kidogo ni kawaida. Moshi ukitoka kwa kupuliza kama bomba, ringi zimechoka au silinda zimelika. Gasketi mpya haitatibu hilo.

Kubadili gasketi ya kava la juu

Injini iwe imepoa. Fungua nati tatu, nyanyua kava taratibu. Likigoma, ligonge kidogo pembeni kwa nyundo ya mpira. Lisipekuliwe kwa bisibisi, kwa sababu kava ni la bati na mdomo wake unapinda haraka.

Ondoa mabaki yote ya gasketi ya zamani, kwenye kava na kwenye hedi. Weka tambara safi juu ya fito na springi ili vipande visidondokee ndani. Kisha laza kava kwenye kioo au meza iliyonyooka. Kama linayumba au mwanga unapita chini yake, limepinda. Lipigwe polepole kwenye ubao mpaka likae sawa. Hatua hii ikirukwa, gasketi mpya inavuja siku hiyohiyo.

Bandika gasketi kwenye kava kwa gundi nyembamba, iache ikauke ikiwa imekandamizwa na kitu kizito. Upande wa hedi uache mkavu, ili siku nyingine kava lifunguke bila kuharibu gasketi. Rudisha kava, weka washa mpya za mpira, kaza nati kwa zamu, kidogo kidogo. Gasketi ikianza kuchomoza pembeni, umeshapitiliza.

Ikiwa kweli ni sili ya nyuma

Hapa hakuna njia ya mkato. Kwenye Land Rover ya Series, kawaida viti na sakafu hutolewa, kisha giaboksi hunyanyuliwa na kutokea ndani ya kibanda. Njia nyingine ni kutoa injini kwa mbele. Klachi na flaiwili hutoka, na sampu hushuka pia.

Injini nyingi za mbili na robo zina nyumba ya sili yenye vipande viwili vinavyozunguka krenki. Pembeni mwa kofia ya beringi ya nyuma kuna vipande viwili vidogo vyenye umbo la herufi T. Mafundi wengi hubadili sili kubwa na kuviacha hivyo viwili. Matokeo yake gari linarudi gereji likivuja vilevile. Vibadilishwe pamoja, na vikatwe vikiwa vimechomoza kidogo tu ili sampu ivibane.

Kwa kuwa giaboksi limeshatoka, ni busara kuangalia diski ya klachi, beringi yake na sili ya mbele ya giaboksi kwa safari hiyohiyo. Mwenye gari aulize mambo hayo kabla ya kazi kuanza, na aombe orodha ya spea kwa maandishi. Spea za zamani arudishiwe azione.

Silikoni nyingi na dawa za chupa

Silikoni ina kazi yake, lakini si ya kupakwa kama siagi kwenye mkate. Inayozidi inajikunja kwa ndani, inakatika na kuelea kwenye oili. Kipande kikifika kwenye chujio la pampu, presha inaweza kushuka na injini ikafa. Safu nyembamba kwenye kona inatosha.

Dawa za kuzuia uvujaji zinazomiminwa kwenye oili hulainisha na kuvimbisha sili za mpira. Zinaweza kusaidia kwa muda kwa sili iliyokakamaa. Kwa gasketi ya kizibo iliyopasuka, bolti iliyolegea au kava lililopinda, hazifanyi lolote.

Aina ya oili nayo ina mchango. Injini hizi zilizoea oili nzito kiasi, na wamiliki wengi hutumia 20W-50. Oili nyepesi za magari mapya, kama 5W-30, hupenya kwenye nafasi ndogo kirahisi zaidi.

Oili chafu iliyomwagwa ikusanywe kwenye dumu. Isimwagwe mtaroni, kwa sababu inaishia mtoni na kwenye visima vya watu.

Kwa hiyo sili ya mzee je?

Turudi Usa River. Mzee akiomba injini ioshwe kwanza, mambo yanabadilika. Poda inapulizwa, gari linatembezwa mpaka Tengeru na kurudi, tochi inawashwa. Mstari wa kahawia unaanzia kona ya nyuma ya kava la juu, unashuka mgongoni mwa injini, unapita juu ya nyumba ya klachi na kudondoka katikati ya gari. Tundu la chini ni kavu kwa ndani. Kofia ya kupumulia imejaa tope.

Tiba yake ni gasketi moja, washa tatu na kopo la mafuta ya taa. Giaboksi linabaki mahali pake.

Si kila gari litakuwa na bahati hiyo. Lingine litaoshwa, litapulizwa poda, na mwisho itaonekana kweli ni sili ya nyuma. Lakini hapo mwenye gari atalipa akijua analipia nini. Na hata baada ya matengenezo, Land Rover ya miaka 50 inaweza kuacha tone moja au mawili kwa usiku. Hilo linavumilika, mradi kijiti cha oili kinapimwa kila wiki na boksi la asubuhi halionyeshi ongezeko. Matone yakiongezeka ghafla, au taa ya presha ikiwaka, gari lizimwe papo hapo na lisiwashwe mpaka chanzo kijulikane.